Tenti za ganda gumu za juu ya gari kwa bei ya chini: gani inafaa mtu wa Nairobi na gani ni kujitafutia kazi

Nianze na jibu ndio asiye na muda aende zake. Kama bajeti yako haipiti shilingi 200,000 na unataka tenti ya ganda gumu ya kukaa juu ya gari, tafuta ile inayofunguka upande mmoja kama mdomo wa mamba, ganda la aluminiamu, upana usizidi sentimita 130, halafu ile pesa ungeongeza ununue kubwa iweke kwa keria na boliti. Na kabla hata ubonyeze godoro ama uwashe zile taa za ndani wauzaji wanapenda kuonyesha, jiulize kitu kimoja: hii ikiharibika, kuna fundi Kirinyaga Road ama Industrial Area ataishika? Yangu niliichagua hivyo na bado iko juu ya gari. Kuna vitu vinanikera, nitavisema pia, hakuna mtu amenilipa hapa.

Gari ni Subaru Forester ya 2014. Watu ni mimi na mke wangu, na mtoto mmoja ambaye bado anatosha katikati lakini hiyo ni ya muda tu. Tenti yenyewe haina jina la kujivunia, ni zile za China ambazo kiwanda kimoja kinatoa halafu kila muuzaji anabandika stika yake, ndio unaona tenti tatu zenye majina matatu na bawaba ni ileile, zipu ileile, hata ule mshono umepinda pale kona ya dirisha ni uleule. Nililipa 165,000 hapa hapa Nairobi na ngazi na godoro ndani, kufungiwa ni juu yangu. Najua kuna zile zenyewe. Waitaliano walikuwa na Maggiolina tangu 1958, Wasauzi wako na Eezi-Awn na Alu-Cab, Wakorea wako na iKamper. Ni kazi safi, sibishani. Lakini ukipiga hesabu ya dola 4,000 hivi kabla hata ya meli na ushuru, hiyo ukiongeza kidogo unapata Vitz ya mkononi, sasa utaniambia nini.

Kitu watu wengi wanaruka ni uzito, na ndio kitu kinaamua kila kitu kingine, so wacha nikae hapo kidogo. Kitabu cha gari langu kinasema paa libebe kilo 80 gari ikitembea. Si gari ikiwa imesimama, ikitembea. Hiyo tofauti ni kubwa. Ukilala mmesimama, paa linabeba tenti na nyinyi wote na blanketi, zaidi ya kilo 200, na halibonyei, ju hakuna breki, hakuna kona, hakuna shimo. Lakini ukiwa unashuka Mai Mahiu na lori limekufinya kwa upande na unakanyaga breki, zile kilo 60 za juu zinataka kuendelea na safari bila wewe. So kilo 80 ndio namba yako, na ndani ya hiyo 80 hesabu pia vyuma vya keria vyenyewe, hapo ndio watu hupotea.

Tenti yangu kwa stika imeandikwa kilo 55. Nilipitisha kwa mizani ya jamaa wa skrepu kabla ya kufunga, ikasoma 58. Ongeza vyuma viwili vya keria kilo tano, tuko 63. Kwa lami sawa kabisa. Lakini kuna watengenezaji wa keria wanasema ukitoka lami ugawanye kile kiwango na moja na nusu, yaani 80 inakuwa 53 na kitu, na hapo ushaona Forester na tenti kama yangu ni gari la lami na murram iliyochongwa vizuri, polepole. Hell's Gate sawa. Barabara ya Magadi sawa. Lakini ukiniambia tutoke Marsabit tuelekee North Horr na zile kokoto, nitakuambia twende na gari lako.

Na wacha niseme hii kwa sababu nimeiona paking nyingi: ile keria ya mabomba mazito unachomelewa na watu wa jua kali, mzuri kwa macho, imepakwa rangi nyeusi, inaeza fika kilo 40 peke yake. Ukiweka juu ya gari lenye kiwango cha 80, tenti yako imebaki na kilo 40, na hakuna ganda gumu la watu wawili la kilo 40 kwa hii bajeti. Kwa Land Cruiser za zamani zenye mfereji wa maji kando ya paa hiyo stori ni tofauti, ule mfereji unashika keria kwa pointi nyingi na paa lenyewe ni la kazi. Hilux na pikapu zingine pia mna bahati, mnaeza chomelea fremu pale nyuma na tenti ikae chini, upepo hauishiki na kupanda ni rahisi. Wenye Jimny mpya poleni, yenu ni kilo 30, hata msinipigie hesabu.

Sasa aina. Kwa ganda gumu utakutana na tatu. Kuna inayoinuka yote kwenda juu kama sanduku, kona zote nne. Kuna hiyo yangu ya mdomo, bawaba mbele, nyuma inapanda. Na kuna ile ya mchanganyiko, ganda ni gumu lakini ndani inakunjuka inatoka nje ya gari, unapata chumba cha familia. Hii ya mwisho naipita haraka: ni nzuri, watu wanne wanalala, lakini nyingi ziko kilo 75 kwenda 90, na za bei ya chini ndio zina shida zaidi ju kuna vyuma vingi vya kukunjika na kila kimoja ni mahali pa kulegea. Kama uko na Prado na watoto watatu, sawa, lakini hapo usitafute ya bei ya chini, ngoja upate pesa.

Ile ya sanduku kwa kweli ina raha yake. Unaketi popote, unavaa suruali bila kujikunja, madirisha ni pande zote nne, na kwa joto la Magadi hewa inapita vizuri kuliko yangu. Shida yake ni upepo. Kuta zake zote zimesimama wima, na usiku upepo ukianza kitambaa kinapiga makofi mpaka asubuhi. Mtu akikuambia anaenda nayo Loiyangalani mwambie pole, kule ndiko waliamua kusimamisha mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo, si bure. Hii ya mdomo unageuza gari tu, bawaba iangalie upepo unakotoka, upepo unapanda juu ya mteremko unaenda zake. Mvua vilevile, ganda lote ni paa, maji yanateremka mbele kwa kioo cha gari. Na kuifunga ni mtu mmoja, kamba unavuta chini, unasukumiza kitambaa ndani pande mbili, unafunga loki. Ile ya sanduku inataka uzunguke kona kwa kona ukirudisha kitambaa, na ukiharakisha zipu inabanwa na ganda.

Kasoro ya mdomo ni kule miguuni. Kuna nafasi ya miguu kulala na basi. Mtoto analala kichwa upande ule mwingine akifikiri ni mchezo, mtu mzima mrefu atalalamika. Mimi ni mfupi, kwa hivyo hii chukua na chumvi kidogo, mke wangu ndiye mrefu na yeye anasema afadhali godoro lingekuwa nene kuliko paa lingekuwa juu.

Haya, sasa kwa ile ya fundi, ju hapo ndio bei ya chini inageuka nzuri ama mbaya.

Zile shoki mbili za gesi zinazoinua ganda ni ndugu wa shoki za mlango wa buti wa gari lako. Ni kitu kimoja. Kwa mwili wa shoki kumeandikwa namba, kwa mfano 500N, hiyo ni nguvu yake, kama kilo 50 hivi za kusukuma, halafu kuna urefu ikiwa imefunguka na aina ya kichwa, cha tundu ama cha mpira wa duara. Hizo shoki huchoka, zote, hata za tenti ya nusu milioni, na baridi huzipunguzia nguvu ju gesi ikipoa presha inashuka, ndio unaona tenti inayoruka juu vizuri ukiwa Nairobi mchana inapanda kwa uvivu alfajiri ukiwa Aberdare. Yangu ya kushoto ilianza kushuka yenyewe. Nikaitoa, nikaenda nayo Kirinyaga Road, jamaa akaigeuza mara mbili akaniambia, "Bosi, hii ni shoki ya buti tu, ungeniletea namba kwa simu hata usingekuja." Akanipa mbili, ju hizi hubadilishwa zote mbili pamoja, ukibadilisha moja ganda linapanda limepinda na bawaba ndio inaumia. Jioni hiyohiyo nilikuwa nimefunga. Sasa linganisha na ile tenti nyingine niliyoangalia kabla ya hii, ya kuinuka kwa mota na rimoti. Kwa bei ileile! Inapendeza, unabonyeza inapanda, watu wanapiga picha. Lakini mota ikikataa uko porini saa mbili usiku na mvua ya mwezi wa nne, utaanza kutafuta nani ana vipuri vya mota ambayo haina hata jina? Niliiacha hapo.

Ganda nalo. Za bei ya chini zinakuja za plastiki ya ABS, faiba, na aluminiamu. ABS ndio nyepesi na rahisi, lakini jua la hapa si mchezo, plastiki isiyokuwa na ile tabaka ya juu ya kuzuia jua inapauka, inakauka, halafu siku moja unaifunga inatoa ufa pale kwa loki. Kuna watu wanachoma plastiki ya bampa na wataiziba, lakini ufa wa ABS iliyokauka ukiziba hapa unaanza pale. Faiba iko sawa kabisa kwa Nairobi, kwa sababu mafundi wa bodi za matatu wanaifahamu kuliko kiwanda chenyewe, tundu wanaziba na kupaka rangi usijue lilikuwa wapi. Ubaya wa faiba ya bei ya chini ni uzito, na kona zimejaa resini bila nyuzi za kutosha, gonga na kidole usikie kama mlio unabadilika. Aluminiamu ndiyo nilichukua. Imepigwa riveti, haina kuchomelewa kwingi, na riveti ikilegea fundi yeyote mwenye bunduki ya riveti anaitoa na kuweka nyingine. Ikibonyea imebonyea, sio mwisho wa dunia. Tena kando ina ule mfereji wa kuingiza boliti, unaeza fungia taa ama turubai ya kivuli.

Lakini aluminiamu inatoka jasho. Hii wauzaji hawakuambii. Watu wawili na mtoto wakipumua usiku kucha kwenye kiboksi kidogo, ule mvuke unatafuta mahali pa baridi pa kukaa, na chuma cha paa ndio pa baridi kuliko pote. Asubuhi kule nyanda za juu za Aberdare, mita 3,000 hivi, unaamka paji la uso limelowa unafikiri tenti imevuja. Haijavuja, ni nyinyi. Dawa ni mbili. Acha dirisha wazi kidogo pande mbili hata kama ni baridi, pande mbili si moja, hewa inahitaji kuingia na kutoka. Na hakikisha paa la ndani lina kitambaa chenye sponji kilichobandikwa vizuri, si ile karatasi ya kung'aa iliyoshikwa na gundi kwa kona. Chini ya godoro nako kunalowa, kuna ule mkeka wa nyuzinyuzi za plastiki unaoinua godoro kidogo hewa ipite, watu wa baharini wanauweka chini ya magodoro ya boti. Yangu haikuja nao. Nikaweka kipande cha mkeka mgumu wa plastiki wa mlangoni, inafanya kazi.

Kitambaa usiangalie rangi, uliza mambo mawili. Moja, ni polista tupu ama ni mchanganyiko na pamba. Mchanganyiko wa gramu 280 kwa mita ya mraba ndio mzuri, unapumua, haupigi kelele sana kwa upepo, na ndani kunakuwa giza asubuhi mtoto analala. Polista tupu ni nyepesi na inakauka haraka lakini ndani ni joto na jasho. Mbili, kipimo cha maji. Wakiandika 3,000 maana yake kitambaa kinaeza kushikilia nguzo ya maji ya milimita 3,000 juu yake, mita tatu, kabla maji yaanze kupenya. Hiyo inatosha mvua za hapa, hata 2,000 inatosha. Ambacho huvuja mara nyingi si kitambaa, ni mshono. Kama yako ni ya pamba, kabla ya safari ya kwanza ifungue uimwagie maji na mpira wa kuoshea gari, ilowe kabisa, halafu iache ikauke ikiwa wazi. Uzi wa pamba ukilowa unavimba na kuziba yale matundu ya sindano. Mimi nilifanya hivyo pale paking ya ploti na keateka akaja kuniuliza kwa upole kama mambo ya nyumbani ni sawa, alidhani nimehamia juu ya gari.

Na hiyo ndio kazi utakuwa unafanya kila ukirudi, ju tenti iliyofungwa ikiwa na unyevu ndani ya siku chache inaota kuvu na harufu haitoki. Ukitoka Naivasha Jumapili imelowa, Jumatatu ama Jumanne ifungue ikauke. Kama unakaa mahali ambapo paking ni ya kubanana ama keateka ni mkali, hiyo ni shida ya kweli, ifikirie kabla hujalipa.

Zipu. Angalia kama imeandikwa YKK ama SBS kwa ile ndimi, hizo ni kampuni za zipu, na hizo mbili sina maneno nazo. Yangu haijaandikwa kitu, na vumbi la Magadi limeishika mpaka lazima nipake nta ya mshumaa kila safari. Fundi wa turubai za malori anaeza kubadilisha yote, nimeuliza, lakini bado naivumilia. Neti za madirisha za kwangu zina matundu makubwa kidogo, mbu haingii lakini vile vidudu vidogo vya ziwani Naivasha vinaingia vikifuata taa. Zima taa, basi.

Godoro la sentimita tano ni la kudanganya. Sponji laini, ukilala kwa ubavu unahisi mbao. Nilinunua kipande cha sponji ngumu ya sentimita tatu nikaweka juu, sasa ni sawa, lakini ganda halifungiki tena na blanketi ndani. Na hapa sikiliza, ju hii ndio hadithi kubwa ya matangazo: wanasema unafunga na matandiko yako ndani, ukifika unafungua tu unalala. Kwa zile nyembamba zenye sentimita 15 zikifungwa, hiyo haiwezekani, labda shuka. Yangu ni 20, inaingiza blanketi mbili nyembamba kabla ya lile sponji la ziada, mito hapana. Kama hilo ndilo linakuvutia kwa ganda gumu, nenda na matandiko yako dukani, weka ndani, funga. Muuzaji akikucheka mwache acheke.

Kuagiza mwenyewe ama kununua hapa? Nilipiga hesabu zote mbili. Kwa mtandao utaona tenti dola 700, dola 800, unaona kama wauzaji wa Ngong Road ni wezi. Si wezi, angalau si wote. Tenti ikiwa kwa boksi la sentimita 210 kwa 130 kwa 25 ni mzigo wa hewa. Kwa ndege wanachukua urefu mara upana mara kimo wanagawanya na 6,000, unapata karibu kilo 114, unalipia 114 na mzigo ni 58. Kwa meli wanahesabu kwa mita za ujazo, na ikishawekwa ndani ya fremu ya mbao inakaribia mita moja. Halafu ushuru wa forodha, VAT asilimia 16 juu ya hiyo yote, ada ya IDF (ile fomu ya kutangaza mzigo unaoagiza), ada ya reli, agenti wa kutoa mzigo. Kama mko watu watano mnaagiza pamoja kuna faida. Moja peke yake, tofauti inabaki kidogo, na ikifika na ufa utamrudishia nani?

Ila kununua hapa nako angalia waranti. Yangu ilikuwa ya maneno tu, mwaka mmoja, haijaandikwa kwa risiti. Nilipofika nyumbani mfuko wa boliti ulikuwa na vibano sita badala ya nane, nikapiga simu, nikaambiwa kuna kontena inakuja. Hiyo kontena sijui kama inakuja kwa miguu. Nikaenda Industrial Area nikakatiwa vibamba viwili vya chuma, boliti za M8 na nati za kujifunga, nikamaliza. Sasa boliti zote nimeweka nati za kuzuia wizi zinazofunguliwa na spana yake maalum, maana tenti imefungwa na nati za kawaida za 13, mtu mwenye spana na rafiki mmoja anaondoka nayo dakika kumi.

Kuishi nayo mjini: Forester, vyuma vya keria na tenti juu iko karibu mita mbili kamili, na paking nyingi za chini za moli zimeandikwa 2.0 ama 2.1 pale mlangoni. Pima yako na utepe, andika kwa karatasi ubandike kwa dashibodi. Mafuta yanapanda, kwangu ni kama lita moja kwa kila kilomita 100 nikiwa barabara kuu, ukipita 90 kunaanza mluzi pale mbele. Kuitoa ni watu wawili wenye nguvu ama watatu, na ukiwa umekaa ghorofa ya nne utaiweka wapi? Yangu inashinda juu ya gari mwaka mzima, kwa hivyo jua linaila hata nikiwa sijaenda popote.

Kule kwenyewe, kitu kimoja kinanikera kuliko vyote: gari ni kitanda. Uko Hell's Gate, unataka kutoka saa kumi na mbili asubuhi kuona wanyama wakati wako macho, lazima kwanza uamshe kila mtu, ukunje, ufunge, utoe ngazi. Mwenye tenti ya chini anawasha gari anaenda, anaacha watoto wamelala na shangazi yao. Kwa upande mwingine, ardhi ikiwa na mawe ama imelowa mimi sijali, na kufungua ni dakika mbili bila mzaha. Na kuhusu wanyama, kuwa juu kunasaidia kwa nyati na kiboko anayekula nyasi usiku, hatapanda ngazi. Lakini nyani anapanda, chui anapanda, na utahitaji kwenda choo usiku, utashuka ngazi ukiangalia nyuma. Chakula kaa nacho ndani ya gari, madirisha yamefungwa, kamwe sio juu.

Kama unapiga kambi Krismasi na Pasaka tu, usinunue. Gikomba kuna tenti za mitumba za chini kutoka Ulaya, nzuri kabisa, na hizo pesa zingine zitakulipia kambi za KWS, wale wa wanyamapori wa serikali, kwa eCitizen miaka mingi. Ama ukodishe, hapa Nairobi kuna watu wanakodisha gari zima na tenti juu, lala wikendi moja uone kama mgongo na mke wanakubali.

Ukiamua kununua, nenda mchana, si jioni. Mwambie muuzaji hutaki ile ya maonyesho, atoe ile utakayobeba nyumbani, ifunguliwe yote. Panda, lala, gonga kona, vuta kila zipu mara tatu, soma namba za shoki uzipige picha, hesabu vibano vya kufungia mbele yake. Halafu omba mpira wa maji, iwe imefunguka, mwagilia bawaba na kona za nyuma dakika tano, wewe ukiwa ndani na tochi. Akisema maji yataharibu tenti, toka uende duka lingine.